Mtoto wa Paka Asiyekua: Tezi ya Thairoidi na Kasoro Zake

Tezi ya thairoidi ya paka ina vipande viwili vilivyolala shingoni, kimoja kila upande wa bomba la hewa, chini kidogo ya zoloto. Kwa paka mzima kila kipande kina urefu wa takriban sentimita 2 na upana usiozidi nusu sentimita. Mnyama akiwa na afya njema, tezi hiyo haigusiki hata shingo ikipapaswa kwa makini. Homoni zinazotoka humo hufika katika kila kiungo, na ndizo zinazopanga kasi ya mwili kuunguza chakula, joto la damu, mapigo ya moyo na mwendo wa utumbo. Paka mzima akipungukiwa na homoni hizo hulegea na kunenepa. Paka mchanga hudhurika zaidi, kwa sababu mifupa, ubongo na meno yake bado vinajengwa, na ujenzi huo hauendi bila homoni ya thairoidi.

Upungufu wa kuzaliwa nao ni ugonjwa wa nadra kwa paka. Hata hivyo, huenda wagonjwa wanaojulikana ni wachache kuliko walivyo kweli, kwa kuwa watoto wengi wenye kasoro hii hufa katika wiki za mwanzo na kuhesabiwa miongoni mwa waliozaliwa dhaifu. Wanaosalimika huwa paka wadogo, wapole, wenye sura ya kitoto isiyopotea, na mara nyingi wenye nyumba huwapenda kwa sababu hiyohiyo. Udogo huo na upole huo ni dalili za ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unatibika ukigunduliwa mapema.

Jinsi homoni inavyotengenezwa

Homoni za thairoidi haziwezi kutengenezwa bila iodini, ambayo wengi nchini Tanzania huiita madini joto. Tezi hunyonya madini hayo kutoka kwenye damu, kisha kimeng'enya kiitwacho thairoidi peroksidesi huyapachika kwenye protini kubwa ya thairoglobulini. Humo hupatikana homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo kwa kifupi huandikwa T4 kwa kuwa ina atomu 4 za iodini. Ya pili ni T3, yenye atomu 3. Tezi hutoa T4 kwa wingi zaidi. Homoni hiyo ikifika kwenye ini, figo na viungo vingine hupunguzwa atomu moja na kuwa T3, na T3 ndiyo hasa inayofanya kazi ndani ya seli.

Kiasi kinachotolewa husimamiwa na tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, yaani pituitari. T4 ikipungua kwenye damu, pituitari huongeza homoni yake ya TSH, ambayo huichochea thairoidi ifanye kazi zaidi. T4 ikitosha, TSH nayo hushuka. Mpango huu ndio unaoeleza jambo ambalo huwachanganya watu wengi: tezi iliyovimba si lazima iwe inatoa homoni nyingi. Ikiwa thairoidi ina kasoro inayoizuia kutengeneza T4, pituitari huendelea kuisukuma kwa TSH siku baada ya siku. Seli za tezi huongezeka na tezi hukua hadi kuwa rovu, huku homoni yenyewe ikibaki haba.

Kukua na kukomaa

Mwaka 1912 mwanabiolojia Friedrich Gudernatsch alitoa maelezo ya jaribio lililoonyesha wazi kazi ya tezi hii kwa wanyama wachanga. Aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya thairoidi, nao wakageuka vyura haraka sana, wakiwa wangali wadogo kupita kiasi. Watafiti waliofuata walifanya kinyume chake: waliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo. Viluwiluwi hao waliendelea kuongezeka ukubwa bila kugeuka vyura. Kwa hiyo kuongezeka mwili na kukomaa ni mambo mawili, na homoni ya thairoidi ndiyo inayoamuru mwili ukomae.

Kwa paka, homoni hiyo inahitajika katika yote mawili. Mifupa mirefu ya miguu hurefuka kupitia tabaka jembamba la gegedu lililo karibu na kila ncha. Seli za gegedu hugawanyika, hujipanga, huvimba, kisha nafasi yake huchukuliwa na mfupa mgumu. T3 huzisukuma seli hizo kutoka hatua moja kwenda nyingine. Vilevile husaidia pituitari kutoa homoni ya ukuaji, na husaidia homoni hiyo ya ukuaji kufanya kazi yake mwilini. T3 ikikosekana, gegedu hubaki gegedu: mfupa haurefuki inavyotakiwa, wala ncha zake hazigeuki mfupa kwa wakati.

Ubongo nao hutegemea homoni hizi. Nyuzi za neva hufunikwa polepole na utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe kupita, na kazi hiyo hufanyika kwa kasi zaidi katika wiki za mwanzo za maisha. Mtoto wa paka asiye na homoni ya kutosha hubaki mzito wa kuelewa na mzito wa kuitikia. Utumbo hupunguza mwendo wake, ngozi hushindwa kubadilisha manyoya ya utoto, na meno huchelewa kutoka kwenye ufizi.

Ukuaji wa kawaida

Ili kasoro itambulike, sharti kwanza kijulikane kipimo cha afya. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na takriban gramu 100. Akinyonya vizuri huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku, kwa hiyo uzito wake huwa mara mbili ifikapo mwisho wa wiki ya pili. Akitimiza wiki 8, wengi huwa na gramu 700 hadi 900. Majike huwa wepesi kidogo kuliko madume, na paka wa mitaani waliolishwa kwa shida huwa chini ya viwango hivi, lakini mstari wa uzito wao bado hupanda kila wiki.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya utoto huanza kutokeza katika wiki ya pili hadi ya nne, na kufikia wiki ya sita karibu yote 26 yameshatoka. Paka akiwa na umri wa takriban miezi 4, meno ya mbele huanza kung'oka ili kupisha ya ukubwani, na akifika miezi 6 au 7 huwa na meno 30 ya kudumu. Wakati huohuo manyoya laini ya utoto hufunikwa na manyoya marefu, magumu zaidi na yenye kung'aa.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu na daftari dogo vinatosha kufuatilia haya yote. Watoto wa uzao mmoja wakipimwa kila siku katika wiki mbili za mwanzo, kisha mara moja au mbili kwa wiki, anayebaki nyuma hujitokeza kwenye daftari kabla hajajitokeza machoni pa watu.

Kasoro huanzia wapi

Upungufu wa kuzaliwa nao hutokea kwa njia kuu tatu. Katika ya kwanza, tezi ipo na ina umbo lake, ila hatua mojawapo ya kutengeneza homoni imekwama. Kwa paka, hatua inayoripotiwa mara nyingi zaidi ni ya kupachika iodini kwenye thairoglobulini, pale kimeng'enya cha thairoidi peroksidesi kinapokuwa hakifanyi kazi. Watoto wa aina hii huwa na rovu, kwa sababu pituitari haiachi kuichochea tezi. Kasoro hii imeelezwa kwa paka wa kawaida wenye manyoya mafupi, na mwaka 1992 ilielezwa kwa paka wa jamii ya Abyssinian.

Katika njia ya pili, tezi haikuumbika kabisa au imebaki kipande kidogo kisichofaa kitu. Hapa hakuna rovu. Njia ya tatu ni tezi kutoitikia wito: TSH ipo tele kwenye damu, lakini seli za tezi hazipokei ujumbe wake. Familia ya paka wenye hali hiyo ilielezwa nchini Japani mwaka 1991. Nao hawana rovu, kwa kuwa uvimbe huletwa na TSH inayosikilizwa.

Kasoro ya kimeng'enya hurithiwa kwa namna ya kujificha. Paka mwenye nakala moja mbovu ya jeni na nakala moja nzima huwa na afya kamili. Ugonjwa hutokea pale tu mtoto anapopata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wawili wanaobeba jeni hiyo wakikutana, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua, na nafasi 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji kama wao. Hesabu hiyo hupotoka kwa paka wanaozurura, kwa kuwa jike mmoja huweza kuzaa watoto wa madume tofauti katika uzao mmoja. Mgonjwa mmoja kati ya ndugu watano haondoi uwezekano wa ugonjwa kuwa wa kurithi.

Mbali na kuzaliwa nao, upungufu huweza kuletwa na chakula. Mwaka 1961 Patricia Scott na wenzake huko London walichapisha matokeo ya utafiti juu ya paka waliolishwa nyama tupu. Nyama ya moyo na ya misuli ina protini nyingi, lakini ina kalsiamu kidogo mno na iodini kidogo mno. Paka hao walipata udhaifu wa mifupa kwa kukosa kalsiamu, na tezi zao za thairoidi zikabadilika kwa kukosa iodini. Paka wa porini hali nyama ya misuli peke yake: humla panya mzima, pamoja na mifupa, damu na tezi zake.

Afrika Mashariki, wingi wa iodini katika chakula cha paka hutegemea mahali na mapishi ya nyumbani. Samaki wa baharini na dagaa wa pwani wana iodini nyingi kuliko samaki wa maji baridi. Katika maeneo ya milimani, kama Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako rovu kwa binadamu lilikuwa jambo la kawaida kabla ya kampeni za chumvi yenye madini joto, udongo wenyewe una iodini kidogo, na upungufu huo hufuata nyasi, mifugo na nyama. Chakula cha paka cha viwandani huongezewa iodini, kwa hiyo paka anayekila mara chache hupungukiwa. Kumwekea paka chumvi kwenye chakula ili apate madini joto si dawa, maana chumvi nyingi humdhuru, na iodini iliyozidi nayo huvuruga tezi.

Dalili kwa mpangilio wake

Wiki tatu au nne za mwanzo mara nyingi hupita bila jambo la kutia shaka. Mtoto mwenye kasoro huzaliwa na uzito wa kawaida na hunyonya kama ndugu zake. Baada ya hapo mstari wake kwenye daftari la uzito hulala. Ndugu zake wanapoanza kupanda juu ya kochi na kupigana, yeye hubaki kwenye kitambaa chake, akiamka kula kidogo na kulala tena. Anatafuta joto: hujibanza kwenye mama, kwenye chupa ya maji ya moto au juani, na akipimwa huweza kukutwa chini ya nyuzi 38 za Selsiasi, ambazo ndizo mwanzo wa joto la kawaida la paka.

Kati ya wiki ya 6 na ya 12 umbo lake huanza kutofautiana. Akiwekwa mezani kando ya ndugu yake wa tumbo moja, tofauti haiishii kwenye ukubwa. Kichwa chake ni kipana kuliko mwili unavyodai, masikio ni madogo, shingo ni fupi, na kiwiliwili cha mviringo kimekaa juu ya miguu mifupi. Akiguswa mgongoni, manyoya yake ni pamba tupu: yale marefu ya juu ni machache au hayapo, na ngozi huweza kuwa na magamba. Akifunguliwa kinywa, meno ya utoto ni vichomozo vidogo tu kwenye ufizi, wakati ndugu yake tayari anatafuna. Kwa wagonjwa ambao hawakutibiwa, meno ya utoto yamekutwa bado kinywani hata baada ya mwaka mmoja.

Kinachowapeleka wengi kwa daktari wa mifugo ni kukosa choo. Mtoto hukaa siku kadhaa bila kujisaidia, kisha hutoa vipande vidogo, vigumu na vikavu. Tumbo hujaa na kuwa zito, hamu ya kula hupungua, na wengine hutapika. Kufunga choo kwa mtoto wa paka si jambo la kawaida kama lilivyo kwa paka mzee, kwa hiyo likirudia rudia kwa mtoto mdogo asiyekua, tezi ya thairoidi inastahili kuchunguzwa. Hali hii ikiachwa muda mrefu, utumbo mpana hutanuka kiasi cha kushindwa kurudi, na tatizo hilo linaweza kubaki hata baada ya homoni kurekebishwa.

Dalili nyingine ni mapigo ya moyo ya polepole, kukojoa na kunya bila kujali mahali kwa sababu ya uzito wa akili, na wakati mwingine uvimbe wa pande mbili unaogusika shingoni. Rovu dogo hufichwa kirahisi na manyoya na shingo fupi, kwa hiyo kutoliona hakumaanishi kuwa halipo.

Hali zinazofanana

Watoto wa paka wengi wanaodumaa hawana ugonjwa wa tezi. Sababu za kawaida zaidi ni njaa, minyoo na maambukizi. Minyoo mviringo ya paka hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kupitia maziwa, na mtoto aliyeshambuliwa huwa mwembamba, tumbo limetuna, manyoya yamesimama. Akipewa dawa ya minyoo na chakula kizuri huanza kuongezeka ndani ya wiki chache. Kwa sababu hiyo daktari huanza na minyoo na lishe kabla ya kutafuta magonjwa ya nadra.

Umbo pia hutoa mwongozo. Mtoto aliyepungukiwa na homoni ya ukuaji ya pituitari hubaki mdogo lakini mwenye uwiano: kichwa, shingo na miguu vyote ni vidogo kwa pamoja. Mgonjwa wa thairoidi hukosa uwiano huo. Paka wa jamii ya Munchkin wana miguu mifupi kwa sababu ya jeni inayogusa gegedu, ila ni wachangamfu, meno yao hutoka kwa wakati na choo chao ni cha kawaida. Mshipa wa damu unaolikwepa ini humdumaza mtoto na kumletea kizunguzungu au degedege, hasa baada ya kula, na mara nyingi humtoa mate. Kasoro za moyo nazo hudumaza, na daktari huzisikia kwa kipimo cha kifuani. Yapo pia magonjwa ya kurithi ya kulimbikiza taka ndani ya seli, ambayo hupanua uso na kuharibu viungo. Haya hutofautishwa kwa vipimo vya mkojo na damu.

Jinsi ugonjwa unavyothibitishwa

Kipimo cha msingi ni kiasi cha T4 kwenye damu. Katika maabara nyingi paka mwenye afya huwa na takriban nanomoli 10 hadi 50 kwa lita. T4 ikiwa chini peke yake haitoshi kuhukumu, kwa kuwa ugonjwa wowote mkali huishusha kwa muda ingawa tezi ni nzima. TSH ndiyo inayokata shauri. T4 ya chini ikiambatana na TSH ya juu humaanisha kwamba pituitari inaita na thairoidi haijibu. Maabara nyingi hutumia kipimo cha TSH kilichotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Kinafaa kwa paka pale TSH inapokuwa juu, na katika ugonjwa huu huwa juu.

Picha ya eksirei huonyesha kile ambacho macho hayaoni. Katika kifundo cha mguu wa mbele wa mtoto mwenye afya wa miezi 2 au 3, vifupa vidogo huonekana kama safu ya vidoa vyeupe. Kwa mgonjwa wa umri uleule vidoa hivyo ni vichache na vina kingo zisizo laini, au mahali pake pako wazi, kwa kuwa gegedu halionekani kwenye eksirei. Ncha za mifupa mirefu huwa hazijaumbika, na vipingili vya uti wa mgongo ni vifupi kuliko kawaida. Mstari mweusi kati ya ncha na mwili wa mfupa, ambako mfupa bado unaweza kurefuka, hubaki wazi muda mrefu baada ya umri wake wa kufunga. Hilo ndilo linaloacha nafasi ya tiba: paka aliyegunduliwa akiwa amechelewa bado anaweza kurefuka kidogo.

Katika hospitali chache zenye kamera za mionzi, mnyama hudungwa kiasi kidogo cha teknesiamu, ambayo tezi huinyonya kama inavyonyonya iodini. Tezi yenye kasoro ya kimeng'enya hung'aa vizuri au kupita kawaida, kwa kuwa kazi yake ya kunyonya haikuguswa. Tezi isiyoumbika haionekani. Kipimo hiki hueleza aina ya kasoro, lakini matibabu hayakingoji.

Matibabu na matarajio

Tiba ni kumpa paka homoni anayoikosa. Levothairoksini, yaani T4 ya kutengenezwa maabara, hutolewa kwa mdomo kila siku, mara moja au mbili, kwa maisha yote. Dawa hii hupimwa kwa mikrogramu, na vidonge vya binadamu mara nyingi huwa vya 25, 50 au 100. Mtoto wa paka huhitaji kiasi kidogo sana, kwa hiyo ni lazima daktari akokotoe dozi kwa uzito wake na kuonyesha jinsi ya kukata kidonge au kutumia dawa ya maji. Chakula hupunguza ufyonzwaji wa dawa, hivyo hupewa kabla ya kula, na kila siku kwa utaratibu uleule.

Damu hupimwa tena baada ya wiki chache, saa 4 hadi 6 baada ya kidonge, ili kujua kama T4 imefika panapotakiwa. Vipimo hurudiwa mara kwa mara katika miezi ya ukuaji, kwa sababu dozi iliyomtosha paka wa gramu 600 haimtoshi akiwa na kilo 2. Dozi ikizidi, paka huwa hatulii, hukonda huku akila sana, hunywa maji mengi, na moyo humwenda mbio. Ikipungua, usingizi na choo kigumu hurudi.

Mabadiliko huja kwa zamu. Uchangamfu ndio wa kwanza: ndani ya wiki moja au mbili mtoto huanza kucheza, kujilamba na kuitikia. Choo hulainika, ingawa mwanzoni anaweza kuhitaji pia dawa ya kulainisha na maji ya kutosha. Katika wiki zinazofuata meno hutokeza na manyoya marefu huota juu ya yale ya utoto. Mifupa huchukua miezi, na maendeleo yake huonekana zaidi kwenye eksirei kuliko kwa macho. Rovu husinyaa TSH inaposhuka.

Anayeanza dawa akiwa na wiki chache huweza kukaribia ukubwa wa ndugu zake. Anayeanza akiwa na miezi mingi kwa kawaida hubaki mfupi, na uzito wa akili unaweza usiondoke wote, kwa kuwa ubongo haungojei kama mifupa. Hata hivyo wengi wao huishi maisha mazuri nyumbani. Upasuaji wa kufunga uzazi husogezwa mbele mpaka homoni itulie, maana mwili wenye upungufu hustahimili dawa ya usingizi kwa shida na hupoteza joto haraka.

Homoni ikizidi kwa paka mchanga

Kwa paka wazee hali huwa kinyume: thairoidi kufanya kazi kupita kiasi ni miongoni mwa magonjwa ya homoni yanayoonekana zaidi, na umri wa wagonjwa kwa kawaida ni miaka 12 hadi 13. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi nchini Marekani mwaka 1979. Kwa paka mchanga ni wa nadra mno. Mwaka 2003 aliripotiwa paka wa miezi 8 tu. Mnyama wa namna hiyo hukonda huku akila sana, hatulii na moyo wake huenda mbio. Dalili hizo pia huletwa na minyoo na maradhi ya tumbo, kwa hiyo hapa nako damu ndiyo inayotoa jibu.

Uzazi baada ya mgonjwa kugunduliwa

Mtoto mmoja akithibitishwa kuwa na kasoro ya tezi iliyo na rovu, wazazi wake wote wawili huchukuliwa kuwa wabebaji na hawafai kuzalishwa tena, hasa wao kwa wao. Ndugu wanaoonekana wazima nao hufungwa uzazi, kwa kuwa kati ya ndugu wazima wawili kati ya watatu huwa wamebeba nakala moja mbovu. Mgonjwa mwenyewe hazalishwi hata akipona umbo, kwa sababu humpa kila mtoto wake jeni hiyo. Kwa wafugaji wa paka wa jamii maalumu hili ni jambo la kumbukumbu za ukoo. Kwa paka wa nyumbani wanaotoka na kurudi, kufunga uzazi kwa mama na watoto wake ndiyo njia pekee ya kuizuia jeni isisambae. Ikiwa chanzo ni chakula, uzazi hauna shida. Lishe ya mama hurekebishwa kabla ya mimba inayofuata, na watoto wake hupimwa uzito tangu siku ya kwanza.